SOMO LA MKULIMA: ZAFARANI, NA SWALI LILILOTOKA SINGIDA

Mwanachama wetu mmoja wa Pemba ametuletea swali ambalo tumeona si vyema kumjibu yeye peke yake. Bintiye ameolewa Singida, na mkwewe huko ana shamba la eka kadhaa ambalo mpaka sasa hulimwa alizeti na uwele. Amekwenda mtu akamwambia mkwe huyo kwamba ardhi ile yafaa sana kwa zafarani, akamwonyesha picha za maua ya zambarau, na yuko tayari kumwuzia matunguu ya kupanda eka nzima. Mkwe hana fedha hizo, basi amemwendea baba mkwe akitumai kwamba fedha za vuno hili la karafuu zitatosha. Naye mzee wetu anauliza: zafarani ni mmea wa namna gani, thamani yake yatoka wapi, na huko Singida itakubali au haitakubali?

Zafarani si kitu kigeni kwetu. Halua njema haitimii bila zafarani, kahawa ya wageni wa heshima hutiwa nyuzi mbili tatu, biriani ya harusi hupata rangi yake kwayo, na walimu wetu tangu zamani wameandikia kombe kwa zafarani iliyoroweshwa katika marashi. Lakini ni wachache kati yetu waliopata kuliona ua lenyewe, kwani zafarani tuliyoizoea imekuja kwa bahari, kutoka Uajemi na Bara Hindi. Kwa hiyo tuanze na mmea.

Mmea wenyewe

Jina lake la kitaalamu ni Crocus sativus. Si mti wala si kichaka. Ni mmea mdogo usiopita shubiri moja au mbili, wenye majani membamba kama nyasi, unaotoka katika tunguu lililofukiwa ardhini. Kwa nje tunguu hilo lafanana na kitunguu maji kidogo, ila ukilikata hukuti maganda juu ya maganda. Ndani ni gumu, limejaa wanga, kama kiazi. Ua lina petali sita za zambarau, na katikati zimening'inia nyuzi tatu nyekundu. Nyuzi hizo ndiyo sehemu ya kike ya ua, ile ipokeayo chavua, na hizo peke yake ndizo zafarani. Nyuzi za manjano zilizo kando yake ni za kiume na hazina thamani yoyote.

Ajabu ya mmea huu ni kwamba ni tasa. Viumbe vingi vina seti mbili za kromosomu, moja ya baba na moja ya mama, lakini zafarani ina seti tatu, nazo haziwezi kugawika sawasawa, na kwa hiyo haizai mbegu. Mwaka 2019 wachunguzi wa Ujerumani walithibitisha kwa kulinganisha nasaba kwamba zafarani yote ya duniani yatokana na mmea wa porini wa Ugiriki uitwao Crocus cartwrightianus. Tangu hapo imeenezwa kwa mkono wa mtu tu: tunguu huzaa matunguu madogo ubavuni, lile la zamani hunyauka, na yale machanga hushika nafasi yake. Basi mtu akikuletea pakiti ya "mbegu za zafarani", hata ikiwa na picha nzuri, ujue anakuuzia mmea mwingine.

Ili kupata kilo moja ya zafarani kavu yatakiwa maua 150,000, na mara nyingine zaidi. Kila ua huchumwa kwa mkono alfajiri kabla jua halijalifungua, kisha nyuzi zake tatu hutolewa kwa vidole siku ile ile. Kazi hiyo ya kuchuma na kuchambua hula kiasi cha saa 400 kwa kilo moja. Sisi tunaokesha tukichambua karafuu na makonyo wakati wa vuno twaweza kuzipima saa hizo kwa maungo yetu.

Kilichomo ndani ya uzi

Mkulima wa karafuu ana nusu ya somo hili kichwani tayari. Twajua kwamba karafuu njema ina mafuta asilimia 15 mpaka 20 ya uzito wake, na kwamba sehemu kubwa ya mafuta hayo, asilimia 70 mpaka 90, ni kitu kimoja kiitwacho yujenoli. Hicho ndicho kinachowasha ulimi na kutuliza jino. Katika karafuu, basi, kitu kimoja chatawala. Zafarani haiko hivyo: ina vitu vitatu, na kila kimoja kina kazi yake.

Cha kwanza ni krosini, ambayo ndiyo rangi. Imo katika ukoo mmoja na rangi ya karoti, lakini karoti haitoi rangi yake katika maji, na zafarani yatoa. Sababu ni kwamba krosini imefungwa pamoja na sukari pande zote mbili, na sukari hiyo ndiyo inayoiburuta kuingia majini. Paul Karrer wa Uswisi, aliyepata Nishani ya Nobel ya kemia mwaka 1937 kwa uchunguzi wa rangi za namna hii, alikuwa mmoja wa waliofumbua umbo lake. Mwaka 2014 wachunguzi waligundua kimeng'enya chenyewe ambacho ndani ya ua hukata rangi ya manjano ya kawaida na kuanzisha kutengenezwa kwa krosini.

Hapa mpishi apate faida yake. Kwa kuwa rangi ya zafarani huyeyuka katika maji wala si katika samli, anayezitupa nyuzi moja kwa moja katika samli ya halua ametupa fedha. Kwanza ziroweshwe katika maji ya vuguvugu au marashi kwa muda wa nusu saa, ndipo zitiwe.

Cha pili ni pikrokrosini, nayo ndiyo uchungu ule mwembamba unaobaki kooni. Cha tatu ni safranali, ambayo ndiyo harufu. Na hapa kuna jambo ambalo mkulima yeyote anayekausha mazao yake atalipenda: katika ua bichi safranali karibu haimo kabisa. Huzaliwa wakati wa kukausha, pale joto linapoivunja pikrokrosini na kuitoa. Kwa hiyo harufu ya zafarani hutengenezwa na mkaushaji, baada ya shamba kumaliza kazi yake.

Nyuzi mbichi zina maji kiasi cha asilimia 80, hivyo kilo tano mbichi hutoa kilo moja kavu. Wahispania wa La Mancha huzikausha juu ya moto mdogo, katika chekeche, kwa dakika chache. Wagiriki wa Kozani hutumia vyumba vyenye joto. Huko Kashmir na Uajemi wengi wamezoea jua au kivuli, jambo linalochukua siku kadhaa, na katika siku hizo vimeng'enya vilivyomo ndani ya uzi huendelea kuila rangi. Moto ukizidi, nyuzi huungua na krosini huvunjika. Ukipungua, nyuzi hupauka na kuingia uvundo. Sisi wenyewe tumeziona karafuu zilizorundikwa mbichi wakati wa mvua, jinsi zinavyogeuka rangi ya kijivu na kukunjamana, na mnunuzi akazishusha daraja. Ni adui yule yule, ila katika zafarani hasara ya mkono mmoja ni hasara ya maua elfu nyingi.

Namna ubora unavyopimwa

Karafuu zetu hutazamwa kwa jicho, hupimwa unyevu, hutolewa makonyo na uchafu, zikapewa daraja la kwanza, la pili au la tatu. Zafarani nayo ina madaraja matatu chini ya kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 3632, lakini huko jicho haliaminiwi. Zafarani husagwa, huyeyushwa katika maji kwa kipimo maalumu, kisha hupitishiwa mwanga katika mashine, na mashine husoma ni mwanga kiasi gani umemezwa. Krosini humeza mwanga wa buluu, na kadiri unavyomezwa ndivyo namba inavyopanda. Zafarani ya daraja la kwanza haina budi kufikia 200. Ya pili 170. Ya tatu 120. Uchungu nao hupimwa kwa mwanga wa namna nyingine, na daraja la kwanza lataka 70. Unyevu usizidi asilimia 12 kwa nyuzi nzima. Muuzaji asemaye "hii ni namba moja" aulizwe namba yenyewe ni ngapi, na karatasi ya maabara iko wapi.

Kwa kuwa bei ya jumla ya kilo moja hupita dola 1,000 kwa wepesi, uwongo umekuwa mwingi. Kinachochanganywa zaidi ni petali za kartamu, mmea wenye miiba wa ukoo mmoja na alizeti, ambao maua yake ya rangi ya chungwa yakikauka hufanana na nyuzi kwa mtu asiyejua. Wengine hutia nywele za mahindi zilizopakwa rangi, na unga wa zafarani huchanganywa na manjano ya kawaida.

Nyumbani waweza kujaribu hivi. Chukua nyuzi chache uzitie katika maji baridi ndani ya gilasi nyeupe. Zafarani ya kweli hutoa rangi ya dhahabu polepole, na uzi wenyewe hubaki mwekundu kwa muda mrefu. Ya uwongo humwaga rangi mara moja, mara nyingi nyekundu au ya chungwa, na uzi hugeuka mweupe. Kisha tazama ncha ya uzi uliorowa: wa kweli hufunguka kama mdomo wa tarumbeta ndogo, na petali ya kartamu haina umbo hilo. Unga nao ujaribiwe kwa magadi: manjano ikikutana na magadi hugeuka nyekundu ya udongo, na zafarani hubaki na umanjano wake.

Singida na Kashmir

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Mwuzaji wa matunguu amemwambia mkwe kwamba Singida yafanana na Kashmir. Tusimcheke, kwani kwa karatasi asemayo yana sura ya ukweli. Mji wa Singida uko kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari. Uwanda wa Pampore, ambao ndio kitovu cha zafarani ya Kashmir, uko kiasi cha mita 1,600. Singida hupata mvua ya milimita 500 mpaka 800 kwa mwaka, na Kashmir ya huko bondeni hupata kiasi cha 700. Udongo wa Singida sehemu nyingi ni wa kichanga usiotuamisha maji, ukiacha mbuga za udongo mweusi, na zafarani yapenda udongo usiotuamisha maji. Mtu akiyasikia hayo matatu, mkono waenda mfukoni.

Lakini mmea haujui jumla ya mwaka. Wajua leo kuna joto gani na maji gani, na kesho kutakuwa na nini. Hebu tuufuate mwaka wa zafarani kwao.

Wakati wa kiangazi cha Kashmir tunguu limelala ardhini bila jani wala mzizi, na juu yake kuna joto. Limelala kwa macho tu, kwani ndani ndipo linapotengeneza ua. Wachunguzi wa Hispania katika kazi waliyoitoa mwaka 2005 waliyaweka matunguu katika vyumba vya joto mbalimbali, wakaona ua hufanyika vizuri kati ya digrii 23 na 27, kwa muda usiopungua siku 50. Lakini ua lililokwisha fanyika halitoki mpaka joto lishuke kufikia digrii 17 hivi. Na matunguu yakikaa katika joto lile zaidi ya siku 150, maua hufa humo humo ndani kabla hayajaonekana. Basi Kashmir joto hushuka mwezi wa Oktoba, mvua kidogo hugusa ardhi, na maua hutoka mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba. Baada ya hapo huja miezi mitano au sita ya baridi na unyevu, theluji na yote, na majani ya zafarani huishi katika baridi hiyo. Kazi ya majani hayo ni moja: kutengeneza chakula na kukishusha chini ili matunguu machanga yanenepe. Joto likirudi, majani hukauka, na tunguu hulala tena.

Sasa tuufuate mwaka wa Singida. Mvua huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili, nayo huja wakati wa joto. Oktoba, kabla ya mvua, ndiyo miezi mikali, joto hufika digrii 30. Baridi ya Singida ni ya Juni na Julai, nayo si baridi kubwa, kiasi cha digrii 15, na wakati huo ardhi ni kavu kama mkeka. Kwa maneno mengine, Kashmir maji huja pamoja na baridi, na Singida maji huja pamoja na joto. Uwele na alizeti hutaka maji na joto kwa pamoja, na ndiyo maana Singida imekuwa nchi ya alizeti. Zafarani hutaka kinyume chake. Tunguu lililoachwa ardhini Januari huko Singida litakuwa limelala katika udongo moto uliorowa, na hapo kuvu aitwaye fuzari, anayeozesha matunguu hata katika nchi zake yenyewe, atalikuta halina kinga.

Mkulima mwerevu atasema: basi nitayang'oa matunguu kabla ya mvua, nitayaweka ghalani, nipande Mei baridi inapoingia, ninyweshe kwa ndoo. Hilo ni wazo la maana, na laweza hata kutoa maua. Tatizo liko mbele zaidi. Baridi ya Singida hukaa miezi mitatu au minne tu, na ikifika Septemba jua limekwisha kuwa kali. Majani yatakauka kabla hayajamaliza kazi, na matunguu machanga yatabaki madogo. Na ukubwa wa tunguu ndio kila kitu, kwani lenye uzito wa chini ya gramu 8 hivi aghalabu halitoi ua hata moja. Tena ghalani, kutoka kung'oa mpaka kupanda, joto litakaa zaidi ya zile siku 150.

Hapa twamwomba mwanachama wetu, na mkwewe pia, asome mara mbili. Tunguu lililonunuliwa kutoka ng'ambo limenenepeshwa huko ng'ambo. Chakula kilichomo ndani yake ni cha majira ya baridi ya nchi ile, na pengine hata ua limekwisha fanyika kabla halijapakiwa. Ukilipanda Singida, au Pemba, au hata katika bakuli juu ya meza, laweza kuchanua vizuri kabisa. Ua la mwaka wa kwanza, basi, ni shahidi wa shamba lilikotoka tunguu. La mwaka wa pili linaanza kukushuhudia wewe, na la mwaka wa tatu ni lako kweli. Zile picha alizoonyeshwa mkwe huenda ni za kweli, tena huenda zilipigwa papo hapo Tanzania, na bado zisithibitishe lolote juu ya ardhi ya Singida. Swali la kumwuliza mwuzaji ni hili: nionyeshe matunguu yaliyozaliwa hapa, na uniambie yana uzito gani.

Hata Kashmir kwenyewe mambo yameyumba. Mashamba ya zafarani yaliyokuwa kiasi cha hekta 5,700 katika miaka ya 1990 yamepungua mpaka kiasi cha 3,700, na moja katika sababu kubwa ni mvua ya kabla ya maua kukosa kuja kwa wakati. Serikali ya India ilianzisha mpango mkubwa mwaka 2010 wa kuchimba visima na kutandika mabomba ili kuirudisha mvua hiyo kwa mkono. Huko India pia wapo watu wanaochanusha zafarani ndani ya vyumba vyenye mashine za baridi, na jambo hilo lawezekana popote penye umeme wa uhakika na mtaji. Lakini hicho ni kiwanda, na mkwe ameuliza juu ya shamba.

Hesabu ya eka moja

Tuweke hesabu mezani. Eka moja ni kiasi cha mita za mraba 4,000. Ukipanda matunguu 50 katika kila mita ya mraba, yatakiwa matunguu 200,000. Tuseme kila moja lina gramu 10. Hiyo ni tani mbili za kusafirisha. Tuseme mwuzaji ni mtu wa huruma na kila tunguu ni shilingi 300. Hiyo ni shilingi milioni 60. Sasa tuseme kila tunguu limetoa ua moja, bila hata moja kuoza wala kuliwa na panya, ambao hulipenda tunguu hili kuliko muhogo. Maua 200,000 ni kilo moja na robo ya zafarani, na kidogo juu yake. Tukiipa kilo bei ya shilingi milioni 4, mapato yote ni milioni 5 na kitu, na ndani yake kuna zaidi ya saa 500 za mikono, yaani watu 10, saa 5 kila siku, kwa siku 10 mfululizo, maana ua halisubiri.

Bei hizo ni za mfano wetu, na kila mtu aweke zake. Huko Uajemi na Hispania hesabu hii hulipa kwa sababu matunguu huongezeka yenyewe mwaka hata mwaka, na mkulima hanunui tena. Faida yote ya zafarani imo katika kuongezeka huko. Pale ambapo matunguu hayanenepi, hakuna biashara.

Zafarani kama dawa

Ametuuliza pia kama ni kweli kwamba zafarani ni dawa ya huzuni. Jambo hili limechunguzwa kwa njia ya haki. Mwaka 2004 madaktari wa Tehran waliwapa wagonjwa 30 wenye huzuni ya kiasi, ama miligramu 30 za zafarani kwa siku, ama dawa ya hospitali iitwayo imipramini, kwa wiki sita, bila mgonjwa wala daktari kujua nani amepewa nini. Nafuu ilikuwa karibu sawa kwa pande zote mbili. Majaribio mengine yamefuata na mengi yamekwenda mkondo huo. Mwaka 2010 walijaribu pia kwa wazee 54 wenye maradhi ya kusahau, na Italia mwaka huo huo walijaribu kwa wagonjwa 25 wenye udhaifu wa macho wa uzee, na khabari zilikuwa za kutia moyo. Lakini ni watu wachache kwa muda mfupi, na mengi ya majaribio haya yametoka katika nchi ile ile inayouza asilimia 90 hivi ya zafarani ya dunia. Mwenye kutumia dawa za daktari asiziache.

Na kipimo kiangaliwe. Miligramu 30 ni nyuzi za maua manne au matano, yaani nyuzi 13 au 14 tu. Hadi gramu moja na nusu kwa siku yahesabiwa kuwa haina madhara kwa mtu mzima. Gramu 5 ni sumu. Gramu 20 zaweza kuua. Mwanamke mwenye mimba asitumie zaidi ya ile ya kutia ladha katika chakula, kwani zafarani nyingi huamsha tumbo la uzazi.

Jibu letu kwa mwanachama

Mwambie mkwe asiache alizeti yake, wala asitoe fedha ya eka. Kama moyo wake umeipenda zafarani, na anunue matunguu 50 tu, na kabla ya kununua ahakikishe yameingia nchini kwa kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, maana kuvu wa kuozesha husafiri ndani ya matunguu, na kikiingia katika mashamba ya vitunguu vya Singida hasara haitakuwa ya mtu mmoja. Tena ayatazame vizuri, kwani kuna mmea uitwao Colchicum wenye tunguu na ua la kufanana na zafarani, nao ni sumu kali. Ukitoa ua, zafarani ina nyuzi tatu fupi za kiume, na Colchicum ina sita.

Ayapime matunguu yote pamoja kwa mizani ya dukani na aandike uzito katika daftari. Ayapande mwezi wa Mei katika tuta la kichanga lililoinuliwa, kina cha vidole vinane hivi, akizungushia wavu wa panya, anyweshe mara moja kwa wiki, na awe na kipimajoto kimoja kivulini, aandike asubuhi na adhuhuri. Maua yakitoka ayachume, ayakaushe, aweke katika chupa ya kioo yenye kifuniko mbali na mwanga. Zitatosha kwa kahawa ya Idi. Majani yakikauka, na kabla mvua ya Novemba haijaanza, ayachimbue matunguu yote, ayafute udongo, ayapime tena kwa mizani ile ile, na atuletee namba mbili hizo pamoja na daftari la joto.

Yakiwa mazito kuliko yalivyopandwa, na walau 40 kati yake yamefika gramu 10, tutaandika somo la pili na tutamwomba yeye atufundishe. Yakiwa mepesi, atakuwa amepoteza bei ya matunguu 50.